Msiba Uliohamishwa Nyumba

Wasomaji wengi huuruka ukurasa wa tabaruku. Huona majina ya watu wasiowafahamu, mistari miwili mitatu, basi, wanakimbilia sura ya kwanza. Katika Half of a Yellow Sun, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie iliyotoka mwaka 2006, kufanya hivyo ni hasara. Ukurasa ule unatueleza kwamba mwandishi hakuwahi kuwaona babu zake, wa kwa baba wala wa kwa mama, kwa sababu vita vya Biafra viliondoka nao wote wawili. Bibi zake walinusurika. Kitabu ni kwa kumbukumbu ya wote wanne. Halafu, baada ya babu na bibi, anatajwa mtu mmoja zaidi ambaye si wa ukoo: mtumishi wa nyumbani kwa wazazi wake wakati wa vita, ambaye haijulikani yuko wapi.

Mtumishi huyo nitamrudia, kwa maana naamini yeye ndiye ufunguo wa riwaya nzima. Kwanza vita vyenyewe.

Mwaka 1966, baada ya mapinduzi mawili ya kijeshi nchini Nigeria, maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini waliuawa, na walionusurika wakarejea kwao mashariki kwa treni na malori. Tarehe 30 Mei 1967 kiongozi wa mashariki, Odumegwu Ojukwu, akaitangaza kuwa nchi huru, Jamhuri ya Biafra. Julai mapigano yakaanza. Serikali ya shirikisho ikaizingira Biafra nchi kavu na baharini, chakula kikakatika, na magazeti ya dunia yakajaa picha za watoto wenye unyafuzi, matumbo yamevimba na miguu kama vijiti. Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Waliokufa wanakadiriwa kupita milioni moja, wengi wao kwa njaa wala si kwa risasi. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kutega sikio zaidi: tarehe 13 Aprili 1968 nchi yake ilikuwa ya kwanza kuitambua Biafra, na mwezi huohuo Mwalimu Nyerere akaeleza sababu zake katika gazeti la The Observer la Uingereza. Kwa hiyo vita hivi si vya wengine kabisa.

Adichie alizaliwa Septemba 1977. Hakuona ndege ya kivita ikishuka juu ya soko, hakulala handakini, hakupanga foleni ya maziwa ya unga. Waswahili tumezoea kusema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwa kipimo hicho binti huyu hakuwa na la kusema. Alichokuwa nacho ni wazazi waliopona na ambao, wakiulizwa, walijibu. Baba yake, James Nwoye Adichie, alikuwa msomi wa takwimu aliyechukua shahada ya uzamivu Berkeley, Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria pale Nsukka. Nsukka ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kutekwa. Wahadhiri walifungasha walichoweza wakakimbia, wengine wakiamini watarudi baada ya siku chache.

Kisa kinachonigusa zaidi katika masimulizi ya familia hiyo ni cha babu mzaa baba. Alifia katika kambi ya wakimbizi. Mwanawe, yule msomi, hakuweza kwenda kuzika kwa kuwa njia zilikuwa mikononi mwa jeshi la upande wa pili. Vita vilipokwisha akaenda kuulizia kaburi. Hakuonyeshwa kaburi, alionyeshwa eneo, kwa ishara ya mkono, kwamba watu walizikwa upande ule, wengi, kwa pamoja. Akachota mchanga wa mahali pale, akaondoka nao, akautunza miaka yote.

Sasa tazama kazi ya fundi. Mwandishi mwenye pupa angeukamata mchanga ule na kuuweka katika ukurasa wa mwisho, machozi yatoke. Katika riwaya ya Adichie msiba huo upo, lakini umehamishwa nyumba. Odenigbo, mhadhiri wa hisabati wa Nsukka, kwao ni Abba, kijiji kilekile cha ukoo wa Adichie. Jeshi linapokaribia, wote wanahama isipokuwa mama yake. Bibi kizee anakataa katakata kuiacha nyumba yake, na anauawa hukohuko. Mwana anataka kwenda kuzika. Abba imekwisha kutekwa. Kuanzia hapo, bwana huyu aliyekuwa akihutubia sebuleni kila jioni juu ya ukoloni na mustakabali wa Afrika, mikono hewani, anaanza kuzama katika pombe kali ya kienyeji, na maneno yake makubwa yanapungua siku hadi siku.

Baba amekuwa mama. Kambi ya wakimbizi imekuwa nyumba ambayo mwenyewe amegoma kuihama. Kilichobaki vilevile ni njia iliyofungwa na mtoto asiyeweza kuzika. Ni kama fundi cherehani aliyepewa kanzu ya marehemu aishone upya: akifumua mshono usiostahili kufumuliwa, nguo yote inakuwa vitambaa, asipofumua hata mmoja, hakuna atakayeivaa.

Uhamisho huo una faida nyingine, nayo ndiyo inayonifanya nivue kofia. Mama yake Odenigbo si mtakatifu hata kidogo. Katika sura za nyuma tumemwona akimtukana Olanna, mchumba wa mwanawe, kwa kuwa amesoma mno. Tumemwona akimleta binti wa kijijini, Amala, na kumsukuma kwenye kitanda cha mwanawe amzalie mtoto. Olanna ana kila sababu ya kumchukia. Kwa hiyo kifo kinapofika, msomaji anahuzunika na papo hapo anakumbuka. Je, mjukuu angethubutu kumpa babu yake halisi, babu aliyekufa kambini, kasoro za namna hiyo? Asingethubutu, na hata angethubutu, sisi tusingependa. Mtu wa kubuni anabeba uzito ambao heshima ya ukoo isingeruhusu kumtwika babu. Ndiyo maana nasema ufundi wa riwaya za aina hii haupo katika kuhifadhi habari ya familia. Kuhifadhi ni kazi ya sanduku. Ufundi upo katika kujua ni wakati gani wa kuagana na habari hiyo.

Na Adichie ana sheria zake katika kuagana huko. Ameeleza waziwazi kwamba alibuni stesheni ya treni pale Nsukka ambako haikuwapo, akabuni ufukwe Port Harcourt, akavuta na kukunja umbali kati ya miji, akabadili mfuatano wa miji iliyotekwa. Ila matukio makubwa hakuyabuni. Mauaji ya kaskazini, kutangazwa kwa Biafra, njaa, kusalimu amri: hayo yamesimama yalipokuwa. Mpaka huu nauona wa haki. Atakayelalamika kwamba Nsukka haina stesheni atakuwa amesema kweli na hajasema kitu. Atakayesema njaa ilitiwa chumvi, huyo hana pa kushika. Mwisho wa kitabu mwandishi ameorodhesha vitabu alivyosoma ili kuandika, na anawashukuru hasa Flora Nwapa na Chukwuemeka Ike, walioishi vita vile na kuviandikia riwaya, kwa kumpa hali ya maisha ya tabaka la kati la Biafra. Mshairi Okeoma katika riwaya amechotwa kutoka kwa Christopher Okigbo, mshairi aliyeacha kalamu akashika bunduki, akauawa mwaka 1967 mapigano yakiwa bado mabichi. (Okigbo huyohuyo alimkera na kumvutia Ali Mazrui wetu wa Mombasa kiasi kwamba mwaka 1971 alitoa riwaya nzima ya kumshtaki huko ahera kwa kosa la kutanguliza kabila lake mbele ya sanaa yake. Ni kitabu cha ajabu, na ni sehemu nyingine ambapo vita hivi vilibisha hodi pwani yetu.)

Subira ni sehemu ya ufundi pia. Adichie hakuanza na riwaya hii. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alikuwa ameshatoa tamthilia juu ya Biafra, na baadaye yeye mwenyewe akaikosoa kuwa imejaa vilio na mbwembwe. Akaandika hadithi fupi zinazovigusa vita hivyo, mojawapo ikibeba jina lilelile la Half of a Yellow Sun, yaani nusu ya jua la njano lililokuwa katikati ya bendera ya Biafra. Mtu angedhani ameshatua mzigo wake. Akaanza upya.

Alichojifunza katika kuanza upya, nadhani, ni kuiacha mizinga na kufuata sufuria. Riwaya inaanza na njaa ya aina nyingine kabisa: Ugwu, kijana wa miaka 13 kutoka kijijini, analetwa na shangazi yake kuwa mtumishi kwa Odenigbo. Anafungua friji kwa mara ya kwanza maishani, anaona kuku mzima, na usiku anaficha vipande vya nyama mfukoni. Ananyoosha soksi za bwana wake kwa pasi ya moto, kwa nia njema, akaunguza moja. Msomaji anacheka. Kurasa mamia mbele, kijana huyohuyo anaona watoto wakiwinda mijusi ili wapate kitoweo. Olanna, binti wa tajiri wa Lagos aliyesoma Uingereza, anapanga foleni kwenye kituo cha misaada, anapata kopo moja la nyama, na njiani askari wanamnyang'anya. Hakuna hotuba juu ya mzingiro wa chakula. Kuna friji, kuna mfuko wa suruali, kuna kopo, kuna mjusi; msomaji anajumlisha mwenyewe. Mambo kama haya hayapatikani katika nyaraka za jeshi. Hupatikana kwa kumkalisha mama chini na kumuuliza mlikula nini Jumanne ile.

Mpangilio wa riwaya umewachosha baadhi ya wasomaji, nami nawaelewa. Sehemu nne: mwanzo wa miaka ya 60, mwisho wake, tunarudishwa mwanzo, kisha mwisho tena. Katika sehemu ya pili tunakuta mtoto anaitwa Baby ambaye hatujui katoka wapi, na pacha wawili, Olanna na Kainene, hawasemezani. Sababu tunapewa kurasa nyingi baadaye: Odenigbo amezaa na Amala, na Olanna kwa uchungu amelala na Richard, Mwingereza mpenzi wa dada yake. Wapo wanaoona hii ni hila ya kumning'iniza msomaji. Mimi nasikia humo namna familia zinavyosimulia kweli. Anza kumuuliza mzee habari za vita, atakuambia juu ya kukimbia, juu ya mabomu, kisha siku moja, bila kuulizwa, atadokeza kwamba shangazi fulani na fulani walikuwa hawapikiani hata kabla ya vita, na kumbe hilo ndilo lililoamua nani alikimbilia kwa nani. Hakuna familia inayosimulia kuanzia ukurasa wa kwanza. Na mpangilio huo una jambo moja zaidi: unatukumbusha kwamba watu hawa walikuwa na usaliti wao, wivu wao na vitanda vyao, kabla historia haijawakuta. Vita viliingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na ugomvi.

Kuna mahali naamini Adichie alipapasa kuliko kwingine kokote kabla ya kuandika. Baada ya mauaji ya Kano, Olanna anarejea mashariki kwa treni iliyoshonana watu. Mwanamke aliyekaa jirani naye amepakata kibuyu. Anafungua kifuniko na kuwaalika waliopo watazame. Ndani kuna kichwa cha mtoto wake wa kike. Anachozungumzia mama huyo ni nywele: jinsi zilivyokuwa nzito, jinsi ilivyokuwa kazi kuzisuka. Mwandishi hatuambii kwamba tukio hili ni la kutisha. Anaacha mama azungumze juu ya kusuka, na kibuyu kinafanya mengine.

Sasa Ugwu. Adichie amekwisha kusema kwamba alimchora kwa sehemu kutokana na yule mtumishi wa wazazi wake aliyetajwa katika tabaruku, na kwa sehemu kutokana na mwingine aliyefanya kazi kwao yeye akiwa mtoto. Fikiria uamuzi huo. Mjukuu wa waliokufa, binti wa profesa, anataka kusimulia vita vya ukoo wake, na macho ya kwanza anayotupa kutazamia si ya profesa wala ya mke wa profesa. Ni ya kijana wa jikoni, aliyekuwa akisikia mijadala ya sebuleni akiwa na sinia mkononi. Nyumba nyingi za wasomi wa Afrika, na za kwetu zimo, zimejaa picha ukutani ambazo boi hayumo hata moja, ingawa ndiye aliyebeba mtoto mgongoni siku ya kukimbia.

Kumpa Ugwu macho kungetosha kumpatia mwandishi sifa ya huruma. Hakuishia hapo. Ugwu anakamatwa barabarani na kuingizwa jeshini kwa nguvu, anakuwa hodari wa kutega mabomu, wenzake wanampa jina la sifa. Na usiku mmoja, katika baa, askari wenzake wanambaka msichana mhudumu, na Ugwu, kwa kuogopa kuchekwa, anashiriki. Ni yeye, kijana tuliyempenda tangu soksi. Riwaya zinazotokana na vita vya ukoo huwa na kishawishi kimoja kikubwa: kuwaosha wa upande wetu. Waliokufa ni babu zetu, basi wote waliokuwa nao walikuwa malaika. Adichie, ambaye babu zake wote wawili walikufa upande wa Biafra, aliliweka kosa baya kuliko yote mikononi mwa mhusika anayependwa kuliko wote. Halafu vita vinapokwisha, Ugwu anarudi kijijini na kukuta kwamba dada yake, Anulika, alitendewa unyama uleule na askari wa Nigeria. Mwandishi hatusaidii kupiga hesabu. Wapo walionung'unika kwamba hili lilizidi. Kwangu mimi, bila sura ile, kitabu kingekuwa rambirambi iliyoandikwa vizuri.

Katikati ya riwaya kuna vipande vya kitabu kingine, kinachoandikwa na mmoja wa wahusika, juu ya jinsi dunia ilivyonyamaza Biafra ilipokuwa ikifa. Tunadhani mwandishi wake ni Richard. Kila kitu kinatuelekeza kwake: ni Mwingereza, alikuja Nigeria kwa kupenda sanaa ya vyungu vya Igbo-Ukwu, ana taipureta, anajaribu kuandika miaka nenda miaka rudi. Mwisho tunagundua mwandishi ni Ugwu. Richard mwenyewe anakiri kwamba vita hivi si simulizi lake. Na kitu cha mwisho ambacho Ugwu anakiandika ni tabaruku, kwa Odenigbo, bwana wake wa zamani. Kwa hiyo kitabu kilichofunguliwa na mwandishi akimtabarukia mtumishi kinafungwa na mtumishi akimtabarukia bwana. Ndiyo sababu nilianza kwa kuutetea ukurasa ule unaorukwa. Sijui kama kuna ushahidi mwingine wa namna hii wa jinsi habari ya familia inavyoweza kuwa jengo zima la riwaya, tangu mlango wa mbele hadi wa nyuma, bila babu hata mmoja kuingizwa ndani kama mhusika.

Njia inaweza pia kwenda kinyume. Maaza Mengiste, Mwethiopia anayeishi Marekani, alikuwa akiandika The Shadow King, riwaya ya uvamizi wa Italia nchini Ethiopia mwaka 1935 na wanawake waliobeba silaha. Kazi ikiwa imeshafika mbali, mama yake ndipo alipomsimulia habari ya bibi mzaa bibi katika ukoo wao, Getey. Haile Selassie alipoagiza kila familia itoe mtoto wa kwanza wa kiume, Getey ndiye aliyekuwa mkubwa. Baba yake akataka bunduki ya familia ichukuliwe na mume ambaye Getey alikuwa ameozwa. Getey akamshtaki baba mbele ya wazee, akashinda, akabeba bunduki akaenda vitani. Katika riwaya tayari alikuwapo Hirut, msichana aliyenyang'anywa bunduki ya marehemu baba yake. Mengiste hakuwa anafuata kumbukumbu. Kumbukumbu ndiyo iliyomkuta njiani. Na ukimuuliza mama yake kwa nini hakusema mapema, jibu ni la kawaida katika nyumba zetu zote: hakuna aliyeuliza. Kitabu hicho kilitoka 2019, mwaka uliofuata kikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker.

Kwetu malighafi haijawahi kukosekana. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameturudisha miaka ile katika Afterlives ya mwaka 2020, pamoja na askari wa Mjerumani na waliowasubiri nyumbani. Wapo waliokwenda Burma na King's African Rifles na kurudi bila kusimulia. Wengi wa hao sasa hawapo.

Ila waliopigana vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, bado wapo. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja, usimuulize vita vilikuwaje, kwa maana atakupa jibu la gwaride. Muulize walikula nini njiani hadi Kampala. Muulize buti zilidumu muda gani, nani alipika, barua ilipita kwa nani, na ni nani ambaye hawakuweza kumzika. Andika majina kama anavyoyatamka. Kama kuna riwaya humo itajulikana baadaye, na huenda ataiandika mjukuu wako wala si wewe. Vita vile vilianza Oktoba 1978. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile amekwisha kuvuka 65.